Kitambaa Cheusi Nyuma ya Spika

Mtaani kwao Mamelodi, watu wakitaka kumsifu mtu kwa usafi husema nyumba yake inang'aa kama ya Ramasela Kekana. Wakitaka kumsema mtu kwa ubishi husema vilevile, mbishi kama Ramasela Kekana. Mwenyewe alizipokea zote mbili kama sifa. Miaka thelathini na moja alipika na kupiga deki katika majiko ya Wazungu kule Pretoria, akastaafu na magoti mabovu na ulimi mzima, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema "naomba msamaha." Akikukosea, kesho yake atakuletea sahani ya maandazi, ule unyamaze.

Jambo moja tu lilimshinda maishani, nalo alilificha kuliko wengine wanavyoficha ugonjwa. Hakujua kusoma.

Madam wake wa kwanza alimwuliza, "Unajua kusoma?" naye akajibu ndiyo kabla swali halijafika mwisho. Kuanzia siku hiyo akawa anasoma kwa rangi. Chumvi kopo la bluu, hamira ya unga kopo la njano. Siku kiwanda kilipobadili rangi ya makopo, keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa madam alipewa mbwa, na mbwa naye akaiacha. Ramasela akasema oveni imeharibika. Akaletwa fundi, akaifungua oveni yote, akaifunga. Mpaka leo hakuna anayejua.

Kanisani alishika kitabu cha nyimbo na kuimba kwa kichwa. Barua za binti yake aliyeolewa Polokwane alisomewa na mumewe, yeye akisingizia miwani. Miwani hiyo alikuwa nayo kweli, ila aliivaa ili aweze kuisahau.

Mumewe, Lesiba, alikuwa mtu wa karakana ya reli siku za kazi na mtu wa santuri siku za Jumapili. Yeye na wenzake walianzisha klabu wakaiita Sindano, ile sindano ya kugusia santuri, na kila Jumapili baada ya kanisa walikutana kwa mwanachama mmoja, zamu kwa zamu, wanaume kwa wanawake, viatu vya rangi mbili na kofia zimelazwa upande, wakasikiliza jazi. Sindano ilikuwa na desturi zake. Mwenye kuleta santuri husimama akiwa ameshika jalada, akawasomea wenzake majina ya wapigaji: nani kwenye tarumbeta, nani kwenye ngoma, nani kwenye besi. Ndipo sindano inashuka. Na besi ikibaki peke yake, wote hukaa chini wakanyamaza, anasimama mwenye nyumba tu kuicheza.

Lesiba aliicheza besi hata watu wa mtaa wa mbali wa Atteridgeville wakawa wanakuja kumtazama. Mkono wa kushoto juu hewani kama ameshika shingo ya gitaa kubwa, vidole vya kulia vikivuta uzi usiokuwepo, kiatu kikishuka taratibu kwenye kila noti. Jioni za siku za kazi, Ramasela akipiga pasi, Lesiba alivuta kiti karibu na meza akaanza: "Rama, sikiliza huyu." Akamsomea jalada lote, jina kwa jina. Majalada arobaini na tatu. Ramasela akayashika yote kichwani pamoja na picha zake, akawa akiona kofia ya kijani anajua mpiga ngoma ni fulani. Hivyo hata yeye zamu yake ya kusoma ilipofika, alisimama akasoma, na hakukosea hata jina moja.

Lesiba akafariki. Ramasela akavaa nyeusi mwaka mzima, na mwaka ulipotimia wifi yake Mokgadi, dada wa marehemu, alimvua zile nguo uani, akamwogesha kwa maji ya dawa, na zote zikachomwa, gauni, shali, soksi, mpaka pini ya begani iliyofungwa uzi.

"Wifi, nisikilize," Mokgadi alimwambia. "Cheusi cha kufungwa kisibaki ndani ya nyumba hii. Hata uzi. Ukikuta uzi mweusi umefungwa fundo mahali, jua kuna mtu anakuita kaburini kwa mumeo."

Mwezi mmoja baadaye Sindano wakampangia zamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na Ramasela alijua vizuri wanakuja kutazama nini. Wanakuja kuona kama nyumba ya Kekana bado ni nyumba ya jazi au imekuwa nyumba ya ajuza mwenye santuri. Naye alikwishaamua. Besi ikibaki peke yake atasimama yeye mwenye nyumba, katika viatu vya Lesiba vilivyojazwa magazeti ili vimtoshe, aicheze.

Ila besi yenyewe ilikuwa imekwisha. Amplifaya ilikuwa hai, ile nzito ya mwaka 1978 yenye uso wa fedha na vitufe vya kuzungusha, lakini spika zilikuwa zimezeeka, sponji ya pembeni imemegukameguka kama keki kavu. Binti yake akamletea zawadi ya kuvuliwa nyeusi: sabufa, boksi jeusi linalong'aa, la besi peke yake. Ramasela alilifunika na kitambaa cheupe cha kusuka siku hiyohiyo, maana weusi wake haukumpendeza.

Kuifunga kwenye amplifaya ndiko kulikoshindikana. Jirani alikuja, akachungulia nyuma, akacheka.

"Mama, hii amplifaya haina tundu la sabufa. Hii ni ya wakati Nuhu anapanga wanyama. Itupe, ununue mpya."

"Tupa wewe mkeo," Ramasela alisema, "naye ni wa miaka hiyohiyo."

Akaitwa Hosea Mashiloane. Hosea alikuwa fundi wa redio na rafiki wa Lesiba tangu ujana, mtu mpole, mrefu, anayesema na vyombo kuliko na watu. Ndiye aliyekuwa mtunza mashine wa Sindano: ufunguo wa kabati la mashine ya klabu ulikaa shingoni mwake, na kwenye kusanyiko kubwa la kila Septemba, klabu za Soshanguve na Atteridgeville zikija ukumbini, yeye ndiye aliyeketi nyuma ya mashine. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Alikuwa na ufunguo ule.

Alipiga magoti nyuma ya kabati siku ya Alhamisi akaangaza na tochi.

"Ni kweli, shemeji, haina mlango wa sabufa. Hii ilipotengenezwa, besi ilikuwa inakaa ndani ya spika kama mtoto mgongoni. Lakini tutapita uani. Ile sauti inayokwenda kwenye spika tutaipitisha kwanza kwenye sabufa, yenyewe ichukue ya chini, halafu iendelee na safari kwenda kwenye spika. Hakuna cha kutupa."

"Nilijua," alisema Ramasela, ambaye hakujua.

Hosea akakata waya mpya, ule wa plastiki angavu wenye nyuzi mbili zilizoshikana kama pacha, zote rangi ya shaba. Akavua, akasokota ncha, akaingiza, jozi mbili kutoka amplifaya kwenda sabufa, jozi mbili kutoka sabufa kwenda spika. Nyuma ya kila spika kulikuwa na tundu jekundu na tundu jeusi. Kisha akaweka santuri, akazungusha kitufe cha sabufa kidogo kidogo, sikio limeinama. "Isizidi hapa. Ikizidi itanguruma kama lori la makaa."

Besi ikaja. Haikuja na kelele. Ilikuja kupitia sakafuni, ikapanda kwenye miguu ya kiti, vikombe kabatini vikaanza kusalimiana. Ramasela aligeuka haraka kutazama mlango wa chumbani, kama kwamba kuna mtu anatoka huko anafunga kamba za viatu.

"Ndiye yeye," alisema.

"Ndiye yeye," alisema Hosea.

Kisha Hosea akatoa kalamu. "Nikuandikie, shemeji, ikitokea waya umechomoka?"

"Niandikie. Kwani mimi sijui kusoma?"

Akaandika mistari mitatu, akampa. Ramasela aliinua karatasi mbele ya uso, akaitikia kwa kichwa taratibu kwa kila mstari. "Vizuri. Nimeelewa." Hosea aliitazama ile karatasi mkononi mwa Ramasela, kisha akatazama dirishani muda mrefu, kama kuna ndege.

Ramasela alipokwenda kumimina chai alimsikia akiuliza kutoka sebuleni, "Shemeji, hiki kitambaa kilichomo kwenye droo ya santuri, bado una haja nacho?"

"Chukua!" alijibu bila kugeuka. Aliporudi na chai, Hosea alikuwa mezani anaongeza mstari kwenye ile karatasi.

Jumamosi ikawa siku ya usafi. Ramasela alisogeza kila kitu, na aliposogeza spika ya kwanza akaona nyuma yake, kwenye waya, kitambaa cheusi kimefungwa. Chembamba kama kidole, mafundo mawili. Akaenda kwenye spika ya pili. Huko nako kipo kingine.

Alikaa chini sakafuni. Mwezi mmoja tu tangu avuliwe. Cheusi, na kimefungwa, na kimefichwa mgongoni mwa kitu alichokipenda marehemu. Na aliyeingia huko nyuma ni mtu mmoja tu.

Hakumwita Mokgadi wala hakumwita mtu. Alivivuta vile vitambaa kwa hasira, waya nazo zikachomoka, akavitupa kwenye jiko la makaa pamoja na kiganja cha chumvi. Kisha akarudi kwenye waya. Ncha mbili, zinafanana. Akaziangalia, akazigeuza. Kweli upande mmoja wa plastiki ulikuwa na maandishi madogo yakienda urefu wote wa waya, lakini kwake yalikuwa mikwaruzo tu. Akaingiza moja huku, moja huku. Spika ya pili akaifanya kama ya kwanza. Akawasha redio: mtu anasoma habari, sauti safi. Waya ni waya, akasema, akaendelea kufuta vumbi.

Jumapili Sindano walijaa hadi barazani. Supu ya utumbo ilitoka, bia ya tangawizi ikatoka. Ramasela alisimama na jalada lenye kofia ya kijani, akawasomea majina, na Ntate Motau, mzee mwenyekiti wa klabu, akapiga kofi moja la paja. "Mnasikia? Nyumba hii bado ina mwenyewe!"

Sindano ikashuka. Tarumbeta ikaimba, ngoma zikachekacheka, kisha vyombo vikajiondoa kimoja kimoja kama wageni wenye adabu, besi ikabaki peke yake. Ramasela akasimama. Viatu vya rangi mbili. Mkono wa kushoto ukapanda juu, kiatu kikainuka, na hakukuwa na kitu cha kukishukia.

Besi ilikuwepo, lakini ilikuwa mbali na tupu, kama mtu anagonga mlango wa nyumba ya tatu. Alisikia vidole vikikwaruza uzi, noti yenyewe hakuisikia. Mguu ukabaki hewani. Akaushusha vibaya, akayumba, akashika kabati.

"Mama, besi imekwenda dukani?" alisema mtu kutoka mlangoni.

"Imekwenda kumfuata Kaka Lesiba!"

Wakacheka, kicheko cha kawaida cha watu walioshiba, lakini Ramasela alihisi uso wake umewaka kama pasi. Akainua sindano mwenyewe, ikakwaruza santuri. Akamnyooshea kidole Hosea aliyekuwa amekaa karibu na dirisha na kikombe cha chai.

"Mwulizeni huyo! Mwulizeni amenifanyia nini! Nimemwita anifungie mashine, ameniharibia sauti ya mume wangu, na nyuma ya spika amenifungia vitambaa vyeusi. Vyeusi! Viwili! Fundo juu ya fundo! Mimi mjane wa mwezi mmoja tangu nivuliwe! Anataka nimfuate nani?"

Mtu akaweka kijiko chini, na kijiko kilisikika.

"Hosea," alisema Motau, "ni kweli ulifunga?"

"Ni kweli, Mwenyekiti."

"Vya nini?"

"Alama. Ya waya."

"Alama gani hiyo ya kufunga kwa siri? Mama Kekana anasoma, sote tumemsikia sasa hivi. Si ungemwandikia?"

Hosea alimtazama Ramasela. Alimtazama kwa muda wa pumzi moja tu, bila hasira, kisha akaweka kikombe chini ya kiti kwa uangalifu.

"Kweli, Mwenyekiti. Ningeandika. Kosa langu."

Wanawake wakaanza. "Mimi nilisema zamani, mtu asiye na mke usiku anakaa na nani?" "Na redio yangu iko kwake!" Motau alinyoosha mkono, na Hosea akavua ule ufunguo shingoni. Kamba yake ilinasa kwenye sikio, akahangaika nayo kidogo mbele ya watu wote, na hakuna aliyemsaidia. Septemba, alisema Motau, Sindano watatafuta mtu mwingine. Hosea akachukua kofia yake akatoka.

Ramasela alipaswa kulala vizuri. Hakulala. Neno moja lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: "Ningeandika." Mbona aliandika? Aliandika mbele yake, pale mezani. Ilimtosha kusema tu "niliandika," kila mtu akamgeukia yeye. Mbona hakusema?

Jumatatu asubuhi aliitoa karatasi chini ya kitambaa cha meza akaenda nayo kwa Mokgadi, mtaa wa pili.

"Wifi, nisomee hii. Nimesahau miwani."

"Chukua yangu," alisema Mokgadi, akamvisha.

Ramasela alisimama na miwani ya mwenzake puani, karatasi mkononi. "Ina ukungu," alisema.

"Ya wapi yenye ukungu? Nimeifuta sasa hivi." Mokgadi akamkazia macho. Kisha macho yakalegea, akaichukua karatasi polepole, akavaa miwani yake, akaigeuza karatasi juu ikawa chini, akasoma.

"'Shemeji, usichomoe waya. Ukichomoka, uzi wenye maandishi uingie tundu jeusi. Ukigeuza, spika zitasukuma wakati sabufa inavuta, besi itapotea. Hakuna kilichoharibika, geuza tu, itarudi.' Halafu hapa chini ameongeza: 'Uzi huo nimeufunga kitambaa, kile cha Lesiba cha kufutia santuri.'"

Ramasela akakaa. Kile cha mahameli nyeusi. Lesiba alikitumia miaka yote, alikikunja mara nne kila alipomaliza. Yeye ndiye aliyesema chukua. Na yeye ndiye aliyekitia motoni na chumvi juu yake.

"Wifi," alisema Mokgadi, "tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Miaka hamsini nimekuletea kadi za Krismasi."

"Picha zake nilizipenda."

Mokgadi hakucheka. Aliikunja karatasi. "Hii tuichome. Umejua wewe, nimejua mimi. Hosea mwenyewe amekubali kosa mbele ya watu. Ukisema ukweli watakucheka mpaka kanisani. Nyamaza tu, wifi. Watu husahau."

Lilikuwa shauri zuri, na Ramasela alilipenda. Alirudi nyumbani nalo. Alipiga magoti nyuma ya spika, magoti yakilia, akachomoa, akageuza ya kwanza, akageuza ya pili. Akaweka ile santuri ya kofia ya kijani, ambayo sasa ilikuwa na mkwaruzo, akasubiri. Besi ikaja kupitia sakafuni, nzima, nono, kila noti na kitako chake. Vikombe vikasalimiana. Hakusimama kuicheza. Alibaki amepiga magoti uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu ambaye hakuwahi kuwa naye.

Alipofika kwa Hosea alimkuta mwanamke uani amekumbatia redio iliyofunguliwa, skrubu ziko kwenye mfuko wa plastiki. "Nipe tu hivyohivyo," alikuwa anasema, "hata kama haijapona." Alipomwona Ramasela akamgusa bega kwa huruma: "Pole sana, mama, kwa mtu huyu." Akaenda.

Ramasela hakuweza kumwangalia Hosea. Aliangalia pasi tatu zilizovunjika kwenye benchi.

"Nimegeuza waya," alisema.

"Imerudi?"

"Imerudi."

"Basi, shemeji. Vizuri."

"Basi nini? Ulijua kwamba sijui kusoma. Uliniona pale nimeishika juu chini."

"Nilijua kabla ya hapo. Lesiba aliniambia, zamani, nywele zetu zikiwa bado nyeusi. Alisema, 'Hosea, mke wangu nikimsomea jalada mara moja ameshika. Mimi nasoma mara tatu na bado nachanganya.' Alikuwa anajivuna."

Ramasela alitafuta kitu cha kushika, akashika ukingo wa benchi. "Lesiba alijua?"

"Shemeji, alikusomea majina ya wapiga ngoma kila jioni miaka ishirini na kitu. Ulidhani anajisomea mwenyewe?"

Miaka yote ile ya miwani. Miaka yote ile ya kupiga pasi huku ametega sikio kwa hila, akijiona mwerevu, akiiba majina mezani kwa mtu aliyekuwa anampa.

"Mbona hukusema jana?"

"Nyumbani kwa Lesiba? Siku yako?" Hosea alichukua bisibisi, akairudisha. Mkono wake ulikwenda shingoni kutafuta ufunguo, ukakuta shati tu. "Liache. Watasahau."

Ramasela alitaka kumwambia naomba msamaha. Alifungua mdomo, neno likagoma kama mlango uliovimba kwa mvua. Akasema, "Nitakuletea maandazi," akasikia mwenyewe jinsi lilivyo dogo, akaondoka.

Maandazi hakuyapika.

Jumapili iliyofuata Sindano walikutana kwa Motau. Hosea alikuja, kwa sababu bado alikuwa mwanachama, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na viti viwili vya jirani yake vilikuwa vitupu. Ramasela alileta santuri ambayo Lesiba aliipenda kuliko zote. Motau akasema, "Mama Kekana, tusomee."

Alisimama. Alijua kila jina kwenye jalada lile, angeweza kuyasema usingizini. Akaligeuza kichwa chini miguu juu, akaliinua watu wote walione.

"Nimelishika vipi hili?"

"Umelipindua, mama," alisema mtu, akicheka.

"Wewe umeona. Mimi picha ndiyo inayoniambia. Ingekuwa maandishi matupu nisingejua, leo wala kesho. Sijui kusoma. Sijawahi kujua. Hosea aliniandikia karatasi, nikamdanganya kwamba nimeisoma. Akaona nadanganya, akanifungia alama ili nisiaibike, kwa kitambaa cha mume wangu nilichompa mimi mwenyewe. Nikakichoma. Waya niligeuza mimi. Besi niliiua mimi. Halafu nikamwita mchawi nyumbani kwangu, akanyamaza kwa ajili yangu."

"Hee!" mwanamke mmoja alisema nyuma. "Kumbe miaka yote tunasomewa na kasuku!"

Watu wawili watatu wakacheka. Ramasela aliwaacha wacheke mpaka wamalize. Masikio yalikuwa yakimlia, na jasho lilimshuka chini ya mkanda wa gauni kama siku ya kwanza aliyosimama mbele ya madam.

"Mama Kekana," alisema Motau kwa upole, "imetosha, kaa."

"Sijamaliza." Akageuka kuelekea mlangoni. Neno lilikuja nusu, likakwama, likaja tena limechanika. "Hosea. Naomba msamaha."

Hosea alikuwa ameinamisha kichwa, amekunja kofia yake kama anakamua nguo. Alionekana kama yeye ndiye aliyefumaniwa. Aliitikia kwa kichwa tu, mara moja.

Motau aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na ufunguo na kamba yake. Hakutoa hotuba. Alipita katikati ya viti akaushusha kwenye kiganja cha Hosea, na yule mwanamke wa redio akasogeza miguu kumpisha kupita, akitazama pembeni.

"Basi jalada lisomwe," alisema Motau.

Hosea alikuja mbele, akalichukua kutoka mikononi mwa Ramasela, akaligeuza likakaa sawa, akaanza kusoma. Ramasela alikwenda kukaa kwenye kimoja cha vile viti vitupu karibu na mlango. Kila jina lilimfikia mdomoni kabla Hosea hajalitamka, naye akalimeza. Besi ilipobaki peke yake, Motau mwenye nyumba alisimama, akamtazama yeye, akanyoosha mkono kumpisha. Ramasela akakataa kwa kichwa. Aliangalia viatu vya rangi mbili miguuni mwake, vikubwa, na gazeti limechomoza kidogo kwenye kisigino, gazeti lenye maandishi, akalisukuma ndani kwa kidole.